Steringi Aliyekufa Mara Arobaini

Pili aliporudi kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na gora la kitambaa cha bluu kichwani, alikuta alama nne kwenye sakafu ya kibaraza pale cherehani yake ilipokuwa imesimama. Alama nne za miguu ya chuma, na katikati yake vumbi la miaka sita ambalo ufagio haukuwahi kulifikia. Akatua mzigo polepole. Wezi wa Tunduma aliwajua. Wangeweza kubeba sufuria pamoja na ugali uliomo, lakini hakuna mwizi ambaye angebeba cherehani ya miguu mchana kweupe akaacha redio.

"Baba Naila!" akaita.

Othmani, mumewe, akatokea upande wa kibanda chake cha picha akitabasamu. Tabasamu hilo Pili alikuwa amelizoea. Ndilo tabasamu lililoleta nyumbani mbuzi wa maziwa, na ilichukua wiki nzima kugundua kwamba yule mbuzi alikuwa dume.

"Tulia kwanza, mama Naila. Usiseme neno. Njoo uone."

Othmani alikuwa Mrangi wa Kondoa, aliyefika Tunduma akiwa utingo wa lori na kubaki kwa sababu ya sauti yake. Katika chumba cha mbele cha nyumba yao, ambacho watu walikiita kibanda, alipanga mabenchi sita, akaweka televisheni na deki, akaziba madirisha kwa nailoni nyeusi, na kila alasiri akashika kipaza sauti kutafsiri picha za Kichina ambazo hakujua hata neno moja la lugha yake. Watu walimpenda kwa uongo wake. Lakini kanda zilikuwa chache, na kufikia mwaka huo wa elfu mbili na mbili watazamaji walikuwa wamezikariri kiasi cha kumtangulia kutafsiri. Kwa msanii hakuna aibu kubwa kuliko hiyo.

Sasa juu ya meza, pembeni ya televisheni, palikuwa na kitu cheusi kama kasha la viatu, na ndani yake ulitoka waya ulioishia kwenye kipande cha plastiki chenye vitufe.

"Deki gani hii isiyo na mdomo wa kanda?" Pili akauliza.

"Inakula sahani. Nimeipata kwa Jairo, yule dereva Mzambia. Picha ya Kijapani, mke wangu, na haiishi! Kila ukiiwasha ni nyingine: msitu mwingine, mji mwingine, majini mengine. Steringi akifa unaanza upya, na njia zote zimebadilika. Sinunui kanda tena mpaka naingia kaburini."

"Na hii rimoti yenye mkia?"

"Hiyo ndiyo unamwendeshea steringi. Ni mchezo huu, lakini watazamaji hawana haja ya kujua. Wao watazame picha."

"Cherehani yangu iko wapi?"

Othmani akakohoa. "Jairo anampelekea mkewe, kwao Mpika. Tumebadilishana."

Pili akakaa juu ya gora lake. Cherehani ile aliirithi kwa mama yake. Ndiyo iliyomlisha mtoto wao Naila tangu anyonye, ndiyo iliyolipia hata hayo mabenchi sita. Sauti ya Othmani ililea wageni. Watu wa nyumbani walilelewa na cherehani.

"Sikiliza," Othmani akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Jairo kasema Ijumaa atapita. Yeyote asiyeridhika, anarudishiwa chake. Tusigombane mimi na wewe, tuliachie benchi la mbele. Ijumaa hiyo wakisema picha nzuri, deki inabaki. Wakisema mbovu, wallahi cherehani yako inarudi Ijumaa hiyohiyo."

Pili akakubali. Benchi la mbele alilijua vizuri, na hakuwahi kulisikia likisifu kitu siku ya kwanza.

Benchi hilo lilikuwa mahakama. Picha ikiisha, hakuna aliyetoka kabla halijasema, hata kama amebanwa na haja. Mwenyekiti wake alikuwa Lwitiko, mbadilisha fedha wa mpakani, kijana mwenye bulungutu la kwacha mkononi na kigoda chake kando ya foleni ya malori. Yeye kila kitu duniani alikipima kwa kupanda na kushuka. Lwitiko akisema picha imepanda, waliokuwa wanasinzia walipiga makofi. Akisema imeshuka, hata waliokuwa wanalia kwa furaha walianza kusonya.

*

Jumanne alasiri mabenchi yalijaa. Othmani alikuwa amejaribu rimoti asubuhi nzima, akagundua kwamba ulimi wake na vidole vyake havielewani. Kimoja kikifanya kazi, kingine kinasahau.

"Shika wewe," akamwambia Pili. "Mikono yako ina akili."

Basi Pili akakaa kwenye mlango wa jikoni, nyuma ya pazia la khanga, mahali ambapo angeweza kuiona televisheni kupitia upenyo na yeye asionekane. Chungu cha maharage kilichemka mgongoni mwake.

"Mabibi na mabwana," Othmani akaunguruma, "Japani! Nchi ya mabingwa na baridi! Huyu mnayemwona mwenye panga refu na kilemba chekundu ndiye steringi wetu, Isuzu, mwana wa mfalme aliyenyang'anywa mji wake na jitu katili liitwalo Fuso!" Majina hayo aliyatoa kwenye foleni ya malori pale nje. Hakuwa na Kijapani kingine.

Isuzu akaingia msituni. Akatokea chura mwenye kofia. Isuzu akamsogelea, chura akatoa ulimi, na Isuzu akaanguka chini akatoweka kama moshi.

Watu wakainuka nusu kwenye mabenchi.

"Kafa," mtu akasema.

"Nani kafa?"

"Steringi."

"Acha ujinga wewe, steringi hafi!"

Na kweli, hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Steringi hupigwa risasi saba akazitema, hutupwa kutoka ghorofani akaangukia gari la magodoro. Watu walilipa kiingilio chao wakiwa na uhakika huo, kwani nje ya kibanda hawakuwa na uhakika wa kitu chochote.

"Ilikuwa ndoto!" Othmani akawahi. "Isuzu alikuwa anaota! Sasa ameamka!"

Akaamka, akauawa na popo. Othmani akasema yule alikuwa mdogo wake, na sasa kaka mtu anakuja kulipa kisasi. Kaka mtu akatumbukia shimoni. Kufikia magharibi ukoo mzima ulikuwa umekwisha: kaka, mdogo, mtoto wa baba mdogo, na shemeji mmoja ambaye Othmani alieleza kwamba wamefanana kwa sababu ya kukaa pamoja. Vifo tisa.

Lwitiko akasimama, akalitia bulungutu lake mfukoni.

"Imeshuka," akasema. "Mbovu. Mzee Othmani, tumelipa kuja kuangalia picha au kuja kuzika?"

Kibanda kizima kikasonya. Nyuma ya pazia Pili aliuma pindo la khanga asicheke.

*

Asubuhi yake bombani kicheko kilimwishia. Wanawake walimpisha kwenye foleni ya ndoo kwa heshima ya uongo.

"Poleni na msiba, mama Naila," mmoja akasema.

"Tumesikia mmefiwa tisa kwa mpigo," mwingine akadakia. "Arobaini mnafanya lini?"

Pili akajaza ndoo yake akaondoka. Hayo yalimchoma kidogo tu. Kilichomchoma kweli kilikuwa kimekaa kibarazani kwake: Ruti, kiongozi wa kwaya aliyetoka Msangano na kuolewa pale mjini, ambaye alikuwa amempa pesa ya kitambaa na kazi ya sare kumi na tano za Pasaka.

"Dada Pili, si kwamba sikuamini," Ruti akasema, macho yake yakiwa kwenye zile alama nne sakafuni. "Ila Pasaka haisubiri mtu. Watu wanasema mashine imeshavuka mpaka."

"Ijumaa inarudi, dada Ruti."

"Inshallah, kama mnavyosema nyie." Ruti akalikunja lile gora la bluu, akachukua na nyuzi, akachukua hata vile vifungo ambavyo Pili alivinunua kwa pesa yake mwenyewe, na Pili akaona haya kumkumbusha. Alimtazama akipotea kona na kitambaa kichwani, akajisikia mtu bure kabisa. Miaka sita hakuna mteja aliyewahi kuja kuchukua nguo ikiwa bado kitambaa.

Hapo ndipo alipoamua. Kama kifo cha bahati mbaya kinaitwa kibovu, cha makusudi kitaitwaje? Atamuua huyo Isuzu mpaka benchi la mbele litapike.

*

Jumatano alimzamisha mtoni mara tano mfululizo. Akamtembeza mbele ya chura yuleyule akiwa amerudisha panga alani. Akampandisha mlimani kwa shida zote, na kileleni akamrusha chini kichwa mbele. Othmani alitokwa jasho akitafuta ndugu. Mabenchi yakaanza kunung'unika, na Pili akahesabu moyoni vifo vya siku ile: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu.

Mara maharage yakanuka. Pili akaiacha rimoti chini, akakimbilia jikoni, akageuza maharage, akaongeza maji, akapuliza moto. Isuzu akabaki amesimama ukingoni mwa mto, upepo unapeperusha kilemba chake. Dakika ikapita, na nyingine. Othmani akaishiwa maneno, na kwa mara ya kwanza tangu kibanda kifunguliwe, kipaza sauti kikawa kimya.

"Aaah," sauti ikasema kutoka mwisho wa benchi la mbele.

Alikuwa Mwalimu Yonasi, Mnyiha wa Iyula, mstaafu aliyefundisha shule za msingi miaka thelathini na kuja kibandani kwa sababu nyumbani hakukuwa na wa kumsikiliza. Akasimama, akasafisha miwani kwa pindo la koti.

"Ndugu zangu, hebu tulieni mwone. Mnaona hapo? Anatafakari. Huyu si mdogo mtu wala shemeji. Ni mtu mmoja yuleyule. Ndiye mwananchi! Unajenga kibanda chako, wanakuja wanabomoa. Unaanza upya, na ukianza upya unakuta njia zote zimebadilika, bei zimebadilika, sheria zimebadilika. Wachina wanamdekeza steringi. Mjapani kathubutu kumuua! Hii ni sanaa ya juu. Na asiyejua maana haambiwi maana."

Maneno hayo ya mwisho yalifanya kazi. Hakuna aliyetaka kuwa asiyejua maana, na Lwitiko kuliko wote.

"Mimi nililiona hilo tangu jana," Lwitiko akasema haraka. "Nilinyamaza tu niwaone nyie. Imepanda hii. Imepanda vibaya sana."

Pili aliporudi kwenye pazia alikuta watu wanashangilia. Akamuua Isuzu kwa hasira, hapohapo mtoni, na kibanda kikalipuka kwa makofi.

Alhamisi watu walisimama mpaka dirishani. Walikuja madereva, walikuja wanakwaya, wakaja hata wale wanawake wa bombani. Pili akaua, na kila alivyoua walisifu. Akimgongesha mtini, Mwalimu Yonasi alieleza habari ya ukaidi wa ujana. Akimzungusha mahali pamoja mpaka nyuki wammalize, Mwalimu alisema huo ni urasimu. Othmani naye akaacha mambo ya ukoo, akatafsiri kwa sauti ya huzuni ya mtu aliyesoma.

Mbaya zaidi, kumuua kulikuwa kunazidi kuwa kugumu. Vidole vya Pili vilikuwa vimejifunza bila ruhusa yake. Chura alikuwa na mwendo wake, kama mguu kwenye kanyagio: moja, mbili, ulimi. Popo walikuja kwa mstari kama mshono. Mikono ikakwepa yenyewe kabla yeye hajakumbuka kwamba anatakiwa afe. Alipomaliza kifo cha kumi na saba cha siku ile, cha arobaini tangu Jumanne, alichoka kuliko siku ya kushona.

"Umesikia?" Othmani akamwambia jikoni, macho yanang'aa. "Sanaa ya juu! Mama Naila, cherehani tuisahau. Kizuri chajiuza."

"Unajua yule mtu alisimama mtoni kwa nini? Maharage yalikuwa yanaungua!"

"Shh! Wasije wakasikia." Na akatoka, akimwacha mkewe na mwiko mkononi na machozi yanamlenga. Kesho ilikuwa Ijumaa.

*

Ijumaa baada ya swala Pili alikaa nyuma ya pazia bila chungu motoni. Alikuwa amewaza asubuhi yote akaona njia moja tu iliyobaki. Kama kufa ndiko kunakosifiwa, basi leo Isuzu haguswi.

Msitu wa kwanza ukapita. Chura akafyekwa kabla hajafungua mdomo. Benchi la mbele likasubiri kifo, kifo hakikuja. Ukapita mji wa taa za karatasi, likapita daraja la mifupa, na Othmani, ambaye hakuwa amefika huko, akawa anatafsiri vitu anavyoviona kwa mara ya kwanza. Akasahau huzuni, sauti yake ya zamani ikarudi, ile ya picha za Kichina. "Anakwepa! Anapanda! Wapishe njia!" Watu wakaanza kusimama mmoja mmoja. Mama mmoja wa kwaya alikuwa anapiga mapaja yake kwa viganja.

Na Pili? Pili alikuwa amesahau cherehani. Itasemwa tu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: kwa robo saa ile hakuwa mke wa mtu wala fundi wa mtu. Lilipotokea lile jitu Fuso, refu kama mti, mdomo unafuka moshi, alilisubiri kwa utulivu uleule wa kusubiri uzi upite kwenye tundu la sindano. Likainua rungu, akapita chini ya mkono. Likageuka, akapita tena. Mara ya saba panga likaingia, na Fuso akapasuka kwa mwanga mweupe uliowaonyesha watu wote kibandani, midomo wazi.

Walipiga kelele mpaka nailoni ya dirishani ikachanika. Kisha, kwa mazoea, wakaligeukia benchi la mbele.

Mwalimu Yonasi alikuwa wa kwanza kusema, na yeye pia alikuwa amepiga kelele mpaka miwani ikamponyoka. Akaivaa.

"Inasikitisha," akasema. "Waigizaji wamelegea. Mambo ni yaleyale ya Wachina: steringi anashinda, watu wanaenda nyumbani. Mwananchi gani aliyewahi kumuua Fuso? Na zaidi, nimewachunguza hawa. Si Wajapani halisi. Ni watu wanaoigiza Ujapani."

"Imeshuka," Lwitiko akasema. "Mbovu."

"Mbovu," mabenchi yakaitikia, yakiwa bado yanahema.

Nyuma ya pazia Pili akafumba macho akashukuru.

"Mbovu?" sauti nzito ikauliza kutoka mlangoni. Watu wakageuka. Alikuwa Jairo, dereva, kofia mkononi. "Nani anacheza? Mimi miaka miwili nacheza gemu hii, daraja la mifupa silivuki. Nani anacheza?"

"Anacheza nini?" Lwitiko akauliza.

Jairo aliufuata ule waya kwa macho kutoka kwenye kasha jeusi, chini ya meza, mpaka kwenye khanga, akalivuta pazia. Pili alikuwa amekaa kwenye kigoda cha jikoni, rimoti mapajani, jasho linamtiririka.

"Mulishani, bamayo," Jairo akamsalimu kwa lugha ya kwao, kama anayemsalimu mama yake, na akainama kidogo kwa heshima.

Mwalimu Yonasi akasogea hatua moja, sauti yake imeshuka kuliko kwacha.

"Mama Naila. Na pale mtoni… alipokuwa anatafakari?"

"Nilikwenda kugeuza maharage, Mwalimu."

Hapo kibanda kikaanguka kwa kicheko. Mwalimu akasubiri kiishe, akafunga kifungo cha koti. "Ndicho nilichosema," akasema. "Mwananchi." Lwitiko naye akawaambia waliokuwa karibu kwamba yeye alijua tangu Jumanne.

Othmani hakucheka. Alikuwa anamtazama mkewe kama mtu anayesoma barua. "Kumbe ulikuwa unaweza," akasema. "Ulikuwa unamuua makusudi."

"Ndiyo, baba Naila. Na wewe uliitoa cherehani yangu makusudi."

Alisema polepole, mbele ya mabenchi sita. Othmani, ambaye hakuwahi kukosa la kumsemea Mchina, akakiweka kipaza sauti chini.

"Mimi nina haraka," Jairo akasema. "Makaratasi yangu yametoka leo. Mnaamuaje?"

"Leo? Hukuenda Mpika?" Pili akauliza.

"Awe, hapana, bamayo. Mpika gani? Tangu Jumanne niko kwenye foleni. Cherehani iko juu ya lori, nimeifunika turubai."

Pili alikuwa amepita kando ya lori hilo kila siku alipovuka kwenda Nakonde. Akainuka, akamkabidhi rimoti. Jairo alipouzungusha waya kiganjani, Pili akaona kwenye kioo cha televisheni, nyuma ya pale Fuso alipopasukia, mlango mwingine unafunguka na ngazi zinashuka gizani. Vidole vyake vikacheza vyenyewe. Kisha Jairo akazima, na Pili akahisi uchungu mdogo ambao hakuna mtu angeuelewa.

*

Njia ya kutoka kwenye foleni hadi nyumbani inapita katikati ya mji. Othmani aliibeba miguu ya chuma na meza yake mgongoni, ameinama mpaka kidevu kinagusa magoti. Pili alifuata nyuma na kichwa cha mashine juu ya ngata. Hakumwonea huruma. Aliangalia tu asijikwae, kwa sababu chuma kile kikipinda hakina fundi.

Walipofika kwenye vigoda vya wabadilisha fedha, madereva ambao hawakuja kibandani leo wakampigia kelele.

"Mzee Othmani! Vipi leo, steringi kafa?"

Othmani akasimama, akapumua. Pili naye akasimama. Watu wote wa foleni wakasubiri, maana sauti ile walikuwa wanaidai.

"Hajafa," Othmani akasema, kwa sauti yake kamili ya kipaza sauti, kutoka chini ya cherehani. "Yuko nyuma yangu. Mimi nimebeba mzigo wake tu."

Lwitiko, aliyekuwa amewahi kurudi kwenye kigoda chake, akainua macho kutoka kwenye bulungutu. Akawaangalia wote wawili, akafungua mdomo atoe hukumu, kisha akakutana na macho ya Pili. Akaufunga, akaendelea kuhesabu kwacha zake.